Uzi wa Katikati

Bangili nne zilikuwa tayari juu ya meza, na somo halikufunguka. Uso wa meza ulibaki wa kijivu. Upande mmoja kulikuwa na alama ya kiganja cha mtu ambaye hajafika. Ndipo Minza Luhende alipoingia kwa hatua za haraka, akaketi, akaweka mkono wa kushoto mahali pake. Meza ikawaka. Treni ya sumaku, ndefu kama mkono wa mtu mzima, iliinuka hewani katikati ya wanafunzi watano, ikajifungua ubavu na kuonyesha koili zake moja baada ya nyingine.

"Karibu, bibi harusi," alisema Shija, kiongozi wa kundi, bila kuinua macho. "Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia tanzia."

Wenzake walicheka. Minza hakucheka, na treni nayo hakuitazama. Alitazama dirisha.

Nyuma ya darasa alisimama Mhandisi Kalunde Msabila, aliyebuni mtambo huo. Alipitisha macho juu ya meza-nuru zote. Zote zilikuwa zimewaka. Hapakuwa na kiti kitupu hata kimoja katika Shule ya Sekondari Miombo Mpya, pembezoni mwa jiji la Tabora, shule ambayo si zamani walimu wake wa kidato cha tatu walikuwa wakifundisha nusu ya wanafunzi na nusu ya madawati. Asubuhi hiyo, kabla ya mapumziko ya uji, jopo la wizara lingefika kuamua kama mtambo wake usimikwe katika sekondari zote nchini.

Mtambo uliitwa Fundo. Kabla yake vilijaribiwa vitu vingi. Ndege-mlinzi ziliwafuata watoro hadi vijiweni, na watoro wakajifunza kuzirushia kanga zikaanguka. Roboti mshauri aliwapigia wazazi simu kila alfajiri, na wazazi wakaizoea sauti yake kama mtu anavyomzoea jogoo wa jirani. Masomo yakapelekwa majumbani ndani ya miwani-darasa. Miwani ikaonekana sokoni, bei ya maelewano.

Kalunde alianza na swali jingine. Hakuuliza kwa nini vijana hawaji shuleni. Aliuliza ni wapi ambako vijana haohao hawakosi kufika. Takwimu zilijibu bila utata: kipa hakosi mechi, na mwenye sauti ya nne pekee hakosi mazoezi ya kwaya. Mtu huenda mahali ambapo asipofika, jambo haliendi. Kalunde aliijua kanuni hiyo tangu utotoni. Kijijini kwa bibi yake, Sikonge, watu walilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Asiyetokea na jembe kwa wenzake, siku ya zamu yake alilima peke yake.

Basi Fundo ililigawa kila somo katika nyuzi tano na kuzipeleka alfajiri katika bangili za wanafunzi watano. Bila nyuzi zote tano, somo lilibaki limefungwa kwa wote. Na nyuzi hazikulingana uzito. Uzi wa katikati, ule unaobeba kiini cha somo, Fundo ilimpa yule ambaye hesabu zake zilionyesha kuwa angeweza kukosa. Mtoro ndiye aliyefanywa ufunguo. Akitoka nje ya uzio kabla ya kengele ya mwisho, uzi wake ulijifunga, na wenzake wanne wakabaki wakitazama meza ya kijivu.

Bangili ilifanya kazi ya pili pia. Ilipima mapigo ya moyo na unyevu wa ngozi, huku kamera ya meza ikisoma upana wa mboni za macho. Vipimo hivyo vilijumlishwa kuwa rangi moja. Kijivu ni mwanafunzi aliyezubaa. Kijani ni mwanafunzi mwenye hamu. Sehemu hiyo Kalunde aliiita kipimahamu, na ndiyo iliyowavutia sana watu wa wizara.

Mkuu wa shule, Mwalimu Kondo Pazi, alimkuta ofisini akiandaa picha za ukutani. Yeye ni Mzaramo na Kalunde ni Mnyamwezi, kwa hiyo hakuna salamu iliyopita kati yao bila utani.

"Mtani," alisema, "babu zako walibeba pembe mpaka pwani. Leo wewe unabebeshwa nchi nzima."

"Na nyinyi mtakaa barazani mkitusubiri tufike, kama kawaida yenu."

Mwalimu Pazi alicheka, kisha akaeleza alichojia. Alitaka jopo lionyeshwe Minza. Mwaka uliotangulia binti huyo alikuwa akionekana shuleni mara chache sana, hata majirani zake wa dawati walisahau jina la baba yake. Tangu Fundo ifungwe hakuwahi kukosa, na kipimahamu chake kilikuwa cha kijani kuliko cha mwanafunzi mwingine yeyote. Mfano bora kuliko huo ungetoka wapi?

Kalunde alikubali, akaufungua mchoro wa Minza.

Rangi yake aliijua tangu zamani. Umbo lake hakuwahi kulichunguza, kwa sababu ripoti zilihitaji wastani tu, na wastani ulikuwa mzuri. Sasa alitaka mstari mmoja wa siku moja, wenye kupanda na kushuka, ili mwenyekiti wa jopo aone jinsi somo zuri linavyomwamsha kijana. Mstari haukushuka. Alichukua siku nyingine, kisha wiki nyingine. Kila asubuhi hamu ya Minza ilianza juu, ikapanda taratibu saa zilivyosonga, bila kujali kama somo ni Fizikia au Kiswahili. Wakati wa uji, mistari ya wenzake ilipoanguka kama kawaida, wa kwake uliendelea kupanda. Ulianza kuteremka baada ya kengele ya mwisho tu, na kwa ghafla, akiwa ameshafika nyumbani kwao.

Kalunde aliweka kando mstari huo alama zake za majaribio. Hazikuwa zimepanda hata kidogo.

Hakuwa mtu wa kubahatisha, lakini vipimo vyenyewe vilisema jambo moja tu. Moyo unaodunda, kiganja chenye jasho na mboni iliyotanuka ni dalili za mwili ulioamshwa. Hazisemi umeamshwa na nini.

Alimwita Minza baada ya kipindi cha kwanza, katika chumba cha maabara kilichokuwa kitupu. Binti alisimama karibu na mlango.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Kaa, Minza. Unaumwa?"

"Siumwi."

"Nani yuko nyumbani kwenu saa hizi?"

Minza aliifunika bangili kwa mkono wa kulia, kana kwamba ndiyo iliyomsema. Alipoanza kueleza, alieleza kwa mpangilio, kama mtu aliyeyapanga maneno hayo mara nyingi bila kupata wa kumwambia.

Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kuchoronga katika mgodi. Mwamba ulimwangukia, shingo ikavunjika. Hana nguvu mikononi, na anapumua kwa bomba lililopitishwa kooni. Mtu wa namna hiyo hawezi kukohoa. Makohozi yakikusanyika ndani ya bomba ni lazima mtu ayanyonye kwa pampu ndogo, la sivyo bomba linaziba. Muuguzi-mashine wa mtaa hupita nyumbani kwao mara moja, alfajiri. Mama huondoka gizani kwenda kwenye mashamba ya sola na kurudi saa nane mchana. Saa za katikati zilikuwa za Minza. Ndiyo maana hakuwa akifika shuleni.

"Sasa anakaa na nani?"

"Peke yake. Namkalisha wima na mito, nanyonya kabla ya kutoka. Baba mwenyewe ndiye aliyeniambia nije. Wenzangu walikuwa wanakuja mlangoni kunifuata, wananiimbia mtoro, akaona aibu." Alitazama tena dirisha. "Siku nyingine inatosha. Wiki hii kuna vumbi, na ana mafua. Leo nimemwacha anakoroma. Saa hizi kifua kinakuwa kimeshajaa."

Kalunde alimuuliza kwa nini hakusema. Minza alijibu kwamba mtoto akisema, watu wa ustawi wa jamii humchukua mgonjwa na kumpeleka Dodoma, kwenye nyumba ya kutunzia watu, na baba yake alishaapa kwamba akipelekwa huko hatarudi akiwa hai. Afadhali kuitwa mtoro.

"Ungeweza kubaki nyumbani hata hivyo. Ulikuwa umezoea."

"Zamani nikibaki nilikuwa nakosa mimi. Sasa wanakosa na wenzangu wanne," alisema Minza. Hakukuwa na lawama katika sauti yake. "Wewe ndiye uliyepanga hivyo, madam."

Kalunde aliita gari la wagonjwa papo hapo. Sauti ya kituo ilimjibu kwamba lililo karibu liko ng'ambo ya stesheni kuu na lina mgonjwa mwingine ndani. Akamshika Minza mkono, wakatoka.

Mwalimu Pazi walikutana naye ukumbini, tai imeshakazwa. Kalunde alimweleza kwa sentensi chache. Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulibadilika, na kwa muda alisahau utani wote. Lakini gari la jopo lilikuwa limeshaingia barabara ya shule, na aliomba nusu saa tu. Binti akae mezani kwake, jopo lione, kisha aende.

"Nusu saa ni ndefu kwa mtu asiyeweza kukohoa," alisema Kalunde.

"Basi mwandikie ruhusa kwenye mtambo. Somo lifunguke kwa wanne."

"Mtambo hauna ruhusa."

Mwalimu Pazi alimtazama.

"Sikuiweka," alisema Kalunde.

Alikumbuka vizuri kwa nini. Katika mwaka wa majaribio palikuwa na kitufe cha udhuru, na wanafunzi walikitumia bila huruma. Shangazi wa kijana mmoja alizikwa mara tatu katika muhula mmoja, na mara ya tatu alizikwa wakati wa mtihani wa Hisabati. Kalunde alikifuta kitufe, mahudhurio yakaruka juu, naye akaliona hilo kuwa jibu. Sikonge walikuwa nayo kanuni ya pili. Mwenye mgonjwa au msiba hakutazamiwa shambani, na zamu yake ilipofika, wenzake walimlimia. Bibi yake alikuwa akizitaja kanuni hizo mbili kwa pumzi moja. Yeye alichukua ile iliyopimika.

Getini Fundo iliongea kwa sauti yake ya upole. "Minza Luhende, wenzako wanne wanakutegemea. Tafadhali rudi darasani." Geti halikusogea. Kalunde aliweka kiganja chake mwenyewe kwenye kitambuzi, likafunguka.

Nyuma yao walisikia miguu. Shija na wenzake watatu walikuwa wamefukuzwa darasani na meza iliyozimika. Kulikuwa na jaribio la Fizikia siku hiyo na Shija alikuja na maneno yake tayari mdomoni. Alianza kwa kuuliza kama malkia anakwenda saluni. Kalunde alimkatisha, akamwambia Minza anakwenda wapi na kwa nini.

"Kwa nini hukutuambia, wewe?" Shija alimuuliza Minza.

"Mlikuwa mnaimba."

Shija aliangalia chini. Kisha akauliza kama mzee ni mzito, maana mtu aliyeteleza kutoka kwenye mito hawezi kuinuliwa na binti mmoja. Hakungoja jibu. Alipanda na Minza gari la shule, lile lisilo na dereva, na wengine watatu wakamfuata; somo lilikuwa limeshafungwa, hapakuwa na sababu ya kurudi darasani. Kalunde aliliamuru gari liende kwa mwendo wa dharura, akamwambia Shija ampigie wakifika, hata iweje; yeye akabaki kulipokea jopo.

Gari la jopo liliingia geti lilelile likiwa bado wazi.

Mwenyekiti, Bi Auleria Komba, alikuwa mwanamke mrefu mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. Alisalimia kila mtu kwa jina lililoandikwa kifuani. Alizunguka darasa la kidato cha tatu polepole, akaona mioyo, mito na mitambo ya nuru ikielea juu ya vichwa vya vijana. Alisimama mbele ya meza moja ya kijivu yenye alama tano za viganja, akauliza. Mwalimu Pazi alisema ni hitilafu ndogo inayoshughulikiwa. Aliisema haraka, na hakumtazama Kalunde.

Kalunde angepaswa kuzungumza hapo. Badala yake alianza kueleza takwimu za mahudhurio, kwa kuwa zilikuwa za kweli na alizijua kwa moyo, na kwa sababu sikio lake lote lilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni. Safari ya kwenda kwa akina Minza haikuwa ndefu. Walipaswa kuwa wamefika. Aliwaza geti la nyumba, mlango, chumba, kifua. Alitaja asilimia moja mara mbili, akajirekebisha.

"Hiki kipimahamu," alisema Bi Komba, "nimekisoma kwenye ripoti yako na nimependa. Naomba nikione kwa mtu mzima. Vaa wewe."

Hakukuwa na namna ya kukataa. Kalunde alivaa bangili, akaweka mkono juu ya meza. Ukutani, mbele ya jopo lote, duara lilitokea na kujaa rangi. Likawa kijani, kisha kijani kibichi, kisha kijani ambacho hata yeye alikuwa hajawahi kukiona isipokuwa kwenye mchoro mmoja.

Wajumbe walicheka kwa furaha.

"Mhandisi," alisema Bi Komba, "nimekagua watu wengi. Sijaona anayeipenda kazi yake kiasi hiki."

Simu ilitetemeka. Kalunde aliitoa na kuiweka sikioni bila kuomba radhi. Kwa mkono uliobaki juu ya meza alisikia damu yake ikigonga kwenye ncha za vidole.

"Madam." Ilikuwa sauti ya Shija, nyembamba, isiyo na mzaha wowote. "Tumemkuta ameinama, midomo imeshakuwa ya bluu. Mimi nimemnyanyua, Minza kanyonya. Lilitoka bonge hilo, madam, sijapata kuona. Sasa anapumua. Amefumbua macho. Gari la wagonjwa limefika, Minza anakwenda naye." Akashusha sauti. "Anauliza kama atahesabiwa mtoro."

"Mwambie hapana," alisema Kalunde.

Ukutani duara lilikuwa likififia. Kijani kilipungua, kikawa cha majani makavu, kikaishia kwenye kijivu. Fundo ikaongea, kwa upole uleule wa getini.

"Mshiriki anapoteza hamu. Napendekeza aongezewe uzi."

Hakuna aliyecheka. Bi Komba alilitazama duara, kisha akamtazama Kalunde usoni, kisha akatazama tena duara.

"Kumetokea nini hapo?"

"Nilikuwa nadhani kuna mtu amekufa," alisema Kalunde. "Nimeambiwa yuko hai."

Alieleza yaliyobaki akiwa amesimama, kwa mpangilio: meza ya kijivu haikuwa hitilafu, alikosekana nani, yuko wapi, na kwa nini mchoro wake ulikuwa bora kuliko yote. Alisema kwamba mtambo ulipima sawasawa na yeye ndiye aliyesoma vibaya. Alisema pia kwamba mahudhurio yalipanda kweli, kwa wanafunzi wengi, na kwamba hilo asingelikana, kwa sababu lilikuwa kweli. Mwalimu Pazi alisimama pembeni akifungua na kufunga kitufe cha koti.

Kengele ya mapumziko ililia. Meza zikazimika, darasa likamwagika nje, na kelele za foleni ya uji zikaingia madirishani.

"Tuonyeshe shule nzima," alisema Bi Komba. "Sasa hivi, wakiwa nje wanakunywa uji."

Kalunde aliamuru. Ukuta ulijaa nukta, kila mwanafunzi na yake, zote za kijani kwa sababu masomo yalikuwa ndiyo kwanza yameisha. Walisubiri. Moja baada ya nyingine zilianza kufifia, makundi kwa makundi, kama inavyotakiwa kwa vijana waliokaa kwenye jua na vikombe mikononi. Mjumbe mmoja alishusha pumzi. Lakini huku na kule, katika kila kidato, kulikuwa na nukta ambazo hazikufifia. Uji uligawiwa ukaisha. Zilizidi kung'aa.

"Hao ni akina nani?" aliuliza Bi Komba.

"Katika ripoti yangu ni wanafunzi bora." Kalunde alivua bangili. "Mwalimu Pazi, naomba uniitie. Mmoja mmoja, kwa mdomo. Usitumie spika."

Mwalimu Pazi alitoka. Bi Komba alivuta kiti cha mwanafunzi, akakikalia, magoti yake yakagusa meza.

"Utawauliza nini?"

"Nani wamemwacha nyumbani."